Wachungaji Waliokataa Mlolongo

Kila tarehe 12 Desemba tunapokutana ukumbini, kabla ya pilau na kabla ya hotuba, tunasimama na kuimba wimbo wa taifa. Wimbo huo ni sala. Sauti yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, na maneno yake yanaanza kwa kumwita Mungu. Hakuna rais wala chama kinachotajwa ndani yake, mwanzo hadi mwisho. Watoto wetu waliozaliwa hapa Marekani wanauimba vizuri, wengine kutushinda sisi wazazi.

Watoto hao hao ndio wametuletea swali. Tangu tarehe 25 Juni 2024, vijana wa rika lao walipoandamana Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, wakaingia Bungeni, na baadhi yao wakapigwa risasi wakafa, swali hilo limekuwa likirudi kwenye makundi yetu ya WhatsApp na hata kwenye maegesho ya magari baada ya ibada: je, Mkristo anaruhusiwa kuikatalia serikali? Wazazi wengi tumejibu kwa maneno mawili tu, Warumi 13, na tukadhani tumemaliza. Vijana nao wakajibu kwamba hilo ni andiko la watu waoga.

Mimi nimelelewa enzi za Nyayo. Nilikunywa maziwa ya Nyayo shuleni, yale ya pakiti ya pembe tatu, na nilikariri kiapo cha utii kwa Rais kabla sijaelewa maana ya neno utii. Naelewa kwa nini wazazi wanajibu hivyo. Lakini naona kwamba pande zote mbili, wanaolitumia andiko hilo na wanaolicheka, hatujawasimulia vijana jinsi Wakristo wa Kenya walivyoliishi. Wapo waliotii serikali maisha yao yote, wakalipa kodi, wakaombea rais kila Jumapili, na siku moja wakasema hapana kwa jambo moja mahsusi. Ningependa watoto wetu wawajue. Wenzetu Waislamu katika chama hiki watanivumilia. Najua nao wana masimulizi yao ya enzi hizo, na ningefurahi kuyasoma katika toleo lijalo.

Kwanza andiko lenyewe. Paulo aliwaandikia Wakristo wa Rumi wakati Nero ndiye aliyekuwa Kaisari. Aliwaambia kwamba mamlaka yametoka kwa Mungu, kwamba walipe kodi na ushuru, na kwamba mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya wema wao. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo tunayoiruka. Mtumishi ana bwana aliyemtuma, na ana kazi aliyopewa. Halafu kuna Petro katika Matendo sura ya 5, mbele ya baraza kuu la Wayahudi, akiambiwa aache kuhubiri, naye akajibu kwamba ni lazima kumtii Mungu kabla ya wanadamu. Ni Petro huyo huyo ambaye barua yake inawaambia waumini wamheshimu mfalme. Hakuona kwamba anajipinga. Kwa mapokeo ya kanisa, yeye na Paulo wote wawili waliuawa Rumi na serikali ile ile waliyowafundisha watu kuiheshimu.

Sasa twende Kenya. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Nazungumza hapa kwa tahadhari, kwa sababu najua wapo wasomaji ambao babu zao walikuwa msituni, na wapo ambao babu zao waliuawa na waliotoka msituni. Katika nchi ya Wagikuyu kulikuwa na Wakristo wa uamsho, ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuingia Kenya mwaka 1937. Walipoletewa kiapo cha Mau Mau walikataa. Walisema wamekwisha kushiriki damu ya Kristo, hawawezi kuongeza ya mbuzi. Wengi walipigwa, na wengine waliuawa pamoja na wake zao.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba wengi wa watu hao walikataa pia bunduki ya serikali. Walipoambiwa waingie kwenye jeshi la mgambo ili wajilinde, walisema hawawezi kumuua jirani waliyekuwa wakimwombea aokoke. Basi wakawa watu wa kushukiwa na pande zote mbili. Kanisa kuu la Anglikana pale Murang'a lilijengwa kuwakumbuka, na ndani yake kuna michoro mikubwa ya ukutani iliyochorwa na Elimo Njau, msanii aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro. Kristo aliyemchora ni Mwafrika, na vilima vilivyo nyuma yake ni vya Murang'a. Ukienda likizo na watoto, wapeleke.

Lakini nisipotaja upande wa pili wa miaka hiyo nitakuwa nimewadanganya. Serikali ya mkoloni iliwanyonga watu 1,090 wakati wa hali ya hatari. Watu zaidi ya milioni walihamishwa kwa nguvu wakawekwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro, na makumi ya maelfu walifungiwa kambini bila kesi. Wamishonari wengi walinyamaza, au walisema taratibu, ofisini, ili wasiiaibishe serikali. Viongozi wa dini waliingia kambini kuhubiri, na mahubiri hayo yakawa sehemu ya mpango wa kuwafanya wafungwa wakiri. Hapo Warumi 13 ilisomwa nusu.

Walikuwapo wachache waliosema wazi. Padri Bewes wa shirika la CMS, aliyewahi kuishi na Wagikuyu, alizuru Kenya mwanzoni mwa 1953 na kumweleza Gavana habari za watu kuteswa mikononi mwa polisi. Mwaka 1955 CMS ilitoa kijitabu huko London kikidai hatua zichukuliwe. Mwaka huo huo David Steel, mchungaji Mskoti wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, alihubiri juu ya maovu ya vyombo vya serikali, na mahubiri yakarushwa redioni. Mzungu, kwenye mimbari ya Wazungu, katika mji wa Wazungu. Wengi wa waliomsikiliza hawakufurahi. Kumbukeni jina la kanisa hilo, maana mimbari yake itarudi.

Miaka 17 baadaye kiapo kilirudi, na safari hii hakikutoka msituni. Tom Mboya aliuawa tarehe 5 Julai 1969. Wiki zilizofuata, watu wa Kati walibebwa kwa malori na mabasi usiku kwenda Gatundu "kunywa chai", na chai yenyewe ilikuwa kiapo kwamba urais usitoke nyumbani kwa Mumbi. Nchi ilikuwa huru, Rais alikuwa wetu, na wengi wa waliobebwa walikuwa wanampenda. Hata hivyo Wakristo wengi walikataa tena. Walipigwa, na mzee mmoja wa kanisa la Presbyterian alikufa kutokana na kipigo. Viongozi wa makanisa walipaza sauti, gazeti la makanisa, Target, likaandika, na kabla mwaka kwisha viapo vilikoma. Kwangu mimi 1969 ina uzito kuliko 1952. Kumkatalia mkoloni ni jambo ambalo kila mtu leo anadai babu yake alifanya. Kumkatalia mtu wa nyumbani, aliyekuletea uhuru, anayezungumza lugha ya mama yako, ni kazi nyingine.

Nifike sasa kwenye mlolongo, ambao ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mwaka 1986 KANU ilikuwa chama pekee kwa sheria. Kifungu cha 2A kilikuwa kimeingizwa katika Katiba Juni 1982. Agosti 1986 chama kiliamua kwamba uteuzi wa wagombea ubunge hautafanywa tena kwa kura ya siri. Wapiga kura watapanga mstari nyuma ya mgombea wao, au nyuma ya wakala aliyeshika picha yake, na msimamizi atahesabu vichwa. Atakayepata asilimia 70 au zaidi atapita moja kwa moja bila kupingwa kwenye uchaguzi mkuu. Wakubwa walisema ni njia ya Kiafrika, ya uwazi, isiyo na gharama ya masanduku.

Kwa watoto wetu ambao hawajawahi kuona, fikirini hivi. Uwanja wa shule, asubuhi. Chifu yupo. Mwalimu mkuu yupo. Mwenye duka anayekukopesha sukari yupo, na amesimama nyuma ya picha moja. Mkweo amesimama nyuma ya picha nyingine. Wewe umeshika kadi yako ya KANU, kwa sababu bila kadi hiyo husimami popote. Kila hatua unayopiga kuelekea mstari wowote inaonekana na kila mtu, na itakumbukwa utakapohitaji barua ya chifu, nafasi ya mtoto shuleni, au mbolea ya mkopo.

Mwezi huo huo wachungaji wapatao 1,200 walikuwa kwenye mkutano ulioandaliwa na baraza la makanisa, NCCK, katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Walitoa tamko kwamba wao hawatapanga foleni. Sababu yao ilikuwa ya kichungaji kabisa. Mchungaji anawabatiza watoto wa waliosimama nyuma ya picha hii na wa waliosimama nyuma ya picha ile; akijipanga na nusu ya kundi Jumatatu, Jumapili atamhubiria nani? Hawakuwaambia watu waipindue serikali. Hawakuwaambia waache kulipa kodi. Walisema hili moja hatuwezi, na hii ndiyo sababu.

Walishambuliwa vikali na wanasiasa. Waliambiwa wavue majoho waunde chama, kana kwamba kuunda chama kuliruhusiwa. Halafu likatokea jambo ambalo mimi naliona la maana kuliko tamko lenyewe: wakapewa msamaha. Ikatangazwa kwamba viongozi wa dini na baadhi ya watumishi wa serikali hawatalazimika kupanga mstari. Wachungaji wangeweza kunyamaza hapo, wakashukuru, wakarudi nyumbani. Dhamiri yao ilikuwa imelindwa. Lakini Henry Okullu wa Maseno Kusini, Alexander Muge wa Eldoret, David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki na wengine hawakunyamaza. Kumwondolea mchungaji mzigo na kumwachia kondoo hakukuwa jibu la swali waliloliuliza.

Hapa nitaingiza kazi yangu kidogo. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uuguzi huku ugenini, tulifundishwa kwamba muuguzi anatii maagizo ya daktari, na kwamba ana wajibu wa kukataa agizo analojua litamdhuru mgonjwa. Mambo yote mawili yako katika somo moja. Tulifundishwa pia namna ya kukataa: unamwambia daktari mwenyewe, unaeleza sababu, unapeleka kwa msimamizi, unaandika kwenye faili na kutia sahihi, na unabaki wodini na mgonjwa wako. Huendi kunung'unika chumba cha chai halafu ukatoa dawa hiyo. Katika hospitali niliyoanzia kazi nilikataa dozi mara moja, usiku, na kwa wiki kadhaa daktari yule hakunisalimu. Ni jambo dogo sana ukililinganisha na ninayoyasimulia. Ila lilinisaidia kuelewa kwa nini wachungaji wale walitoa tamko lenye sababu, mchana, mbele ya waandishi wa habari, kisha wakarudi kwenye parokia zao kuombea serikali.

Uteuzi wa mlolongo ulifanyika Februari 1988. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na shule ilifungwa siku hiyo. Nakumbuka mistari miwili uwanjani kwetu, mmoja ukipinda hadi kwenye mikaratusi, mwingine ukiishia karibu na lango. Ule mfupi ndio ulioshinda. Jioni wazazi walizungumza kwa sauti ya chini jikoni na sisi tukaambiwa tukalale. Mambo kama hayo yalisimuliwa sehemu nyingi za nchi, na gazeti la NCCK lililoitwa Beyond lilipoyachapisha, lilipigwa marufuku mwezi uliofuata. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alifungwa jela.

Gitari alikuwa na namna yake ya kuhubiri ambayo iliwasumbua wakubwa sana. Hakutukana mtu. Alisoma sura ya Biblia, akaifafanua mstari kwa mstari, na wasikilizaji wakajaza majina wenyewe. Mwaka 1975, J. M. Kariuki alipouawa, Gitari alizungumza redioni juu ya swali ambalo Mungu alimuuliza Kaini kuhusu ndugu yake Abeli. Hakuhitaji kusema zaidi. Juni 1987, Nyeri, alihubiri kutoka Danieli sura ya 6. Mfalme Dario aliletewa sheria na wasaidizi wake, akaitia sahihi haraka bila kuuliza inamlenga nani, na usiku ule hakulala, kwa sababu mtumishi wake mwaminifu kuliko wote alikuwa ndani ya tundu la simba kwa sheria aliyoitia sahihi mwenyewe. Wakati huo Bunge letu lilikuwa likibadilisha Katiba kwa kasi, bila mjadala wa maana. Wanasiasa walikasirika kwa siku nyingi.

Nimesoma Danieli 6 mara nyingi tangu nilipofahamu habari za mahubiri hayo, na kila mara nashangaa mfalme anavyoonyeshwa. Si mtu mbaya. Anampenda Danieli. Danieli naye anamtumikia kwa bidii, hakosi kazini, na hata maadui zake hawampati na kosa lolote la ofisi. Anapokatazwa kusali anaendelea kusali mahali pale pale, dirisha likiwa wazi kama zamani. Hakufunga dirisha, na wala hakulifungua zaidi ili aonekane.

Usiku wa Aprili 1989 genge kubwa la watu wenye silaha lilivamia nyumba ya Gitari huko Kirinyaga. Alipanda juu ya paa na kupiga kelele za kuomba msaada, majirani wakaja, wavamizi wakakimbia. Askofu juu ya paa la nyumba yake, usiku, akiita majirani: picha hiyo imenikaa akilini kuliko picha zake zote za joho na kofia. Baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Kenya, akastaafu mwaka 2002 na kufariki 2013.

Muge hakupata majirani wa kumwokoa. Kabla ya kuwa kasisi alikuwa askari wa GSU, kwa hiyo utii wa amri alikuwa ameusoma kambini kabla ya kuusoma chuo cha theolojia. Alisema wazi kuhusu njaa ya Pokot Magharibi na kuhusu ardhi iliyokuwa ikinyakuliwa. Agosti 1990 Waziri wa Kazi, Peter Okondo, alitangaza hadharani kwamba Muge na Okullu wakikanyaga Busia wataona moto na huenda wasitoke hai. Tarehe 14 Agosti Muge alikwenda Busia, akahubiri, na njiani akirudi Eldoret gari lake liligongana na lori la maziwa karibu na Kipkaren. Alifariki papo hapo. Okondo alijiuzulu, na dereva wa lori alihukumiwa kifungo. Kilichothibitishwa mahakamani ni ajali. Watu wa rika la wazazi wangu wana maoni yao, na nawaachia.

Siku ya kwanza ya mwaka huo, 1 Januari 1990, Timothy Njoya alikuwa amesimama kwenye ile mimbari ya St Andrew's. Serikali za chama kimoja za Ulaya Mashariki zilikuwa zimeanguka miezi michache kabla, naye akauliza ni kwa nini Afrika ijione kwamba haitaguswa. Wapo mawaziri waliotaka akamatwe. Desemba ile ile KANU ilifuta mlolongo na kanuni ya asilimia 70. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikaondolewa.

Na kuna akina mama. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengine wazee kabisa, pamoja na Wangari Maathai, walikaa Uhuru Park wakigoma kula, wakidai wana wao waachiliwe. Polisi waliwapiga kwa virungu na kuwarushia gesi ya machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo, laana ambayo hakuna mwana wa Kenya asiyeielewa. Kanisa kuu la All Saints, lililo hatua chache kutoka hapo, liliwafungulia. Walilala chini ya kanisa karibu mwaka mzima, hadi karibu wafungwa wote walipotoka. Miezi yote hiyo ibada ziliendelea juu yao, pamoja na maombi ya kawaida kwa ajili ya Rais. Nimejaribu kuwaeleza hili vijana wa chama chetu wanaofikiri kwamba kumwombea mtawala ni kumkubali.

Nisije nikawaonyesha kanisa ambalo halikuwapo. Makanisa mengi yalitii tu. Africa Inland Church, kanisa la Rais Moi mwenyewe, lilijitoa NCCK kwa sababu ya ugomvi wa mlolongo, na si hilo peke yake. Washirika wa makanisa hayo walikuwa Wakristo wanyofu, ndugu zetu, na wengi wao tunaabudu nao hapa leo. Waliamini kwamba amani ya nchi ni zawadi ya Mungu na kwamba kumsema Rais kunaihatarisha. Sidhani walikuwa waoga. Nadhani walikuwa karibu mno na mtawala, na ukiwa karibu mno huoni yanayowapata walio mbali.

Ushahidi wangu ni kwamba ugonjwa huo baadaye uliwapata hata wale waliokuwa mashujaa. Moi alipoondoka mwaka 2002, wengi wa waliomkosoa walijikuta marafiki wa serikali mpya. Kufikia uchaguzi wa Desemba 2007 kila kanisa lilikuwa na mtu wake, na mara nyingi mtu huyo alikuwa wa kabila la askofu. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Zaidi ya watu 30 walikufa. Mwezi uliofuata NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande za kisiasa, ikaomba msamaha kwa taifa. Wachungaji waliokataa kusimama nyuma ya picha mwaka 1986 walikuwa, miaka 21 baadaye, wamejipanga bila kuamriwa na mtu.

Kwa hiyo kijana akiniuliza leo kama Mkristo anaweza kuikatalia serikali, namrudishia maswali mawili kabla ya kumjibu. Je, ungelikataa jambo hilo hata kama rais angekuwa wa kwenu? Na je, ukiondolewa wewe mzigo huo ukabaki kwa jirani, utaendelea kusema? Nimeona vijana wakinyamaza hapo, na nimeona wazazi wao wakinyamaza zaidi.

Katiba ya 2010 inasema, katika kifungu cha 38, kwamba kila raia mtu mzima ana haki ya kupiga kura ya siri katika uchaguzi wowote. Mtu asiyejua mlolongo atasoma maneno "kura ya siri" akapita. Agosti 2022 Wakenya wa Marekani tuliruhusiwa kwa mara ya kwanza kupiga kura ya urais tukiwa huku, mradi mtu afike kwenye kituo. Mimi na wenzangu watatu wa zamu ya usiku tuliendesha gari saa nyingi hadi ubalozini Washington. Kulikuwa na foleni, ndefu kidogo, na watu walikuwa wakigawana chai ya chupa na kubishana kwa sauti juu ya wagombea. Hakukuwa na picha ya mtu mbele yetu. Nilipofika, nilipewa karatasi, nikaonyeshwa kibanda cha kadibodi, na afisa kijana aliyekuwa pale akageuka akatazama upande mwingine.